Tuzo ya Tume mbele ya Mahakama ya Kazi: jaji anapima nini?

SWALI: Mimi ni ofisa rasilimali watu katika kampuni ndogo ya malori hapa Tanzania. Mwaka jana tulimwachisha kazi dereva mmoja kwa kosa la kunyonya mafuta safarini, naye akatupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Wiki tatu zilizopita tulikabidhiwa tuzo, yaani uamuzi wa maandishi wa mwamuzi wa Tume. Mwamuzi anasema kosa halikuthibitishwa, tena kwamba utaratibu wa nidhamu haukufuatwa, na ameamuru tumlipe dereva fidia. Mkurugenzi amekasirika na anataka twende Mahakama Kuu shauri lisikilizwe upya mbele ya jaji, kwa sababu tunao muhtasari wa kikao cha nidhamu ambao hatukuutoa kule Tume. Je, Mahakama itaupokea? Tukifungua maombi, malipo yanasimama? Na tuna nafasi gani ya kushinda?

JIBU: Ndugu muulizaji, umeandika kwamba tuzo mlikabidhiwa wiki tatu zilizopita, nami naomba nianze hapo kabla ya kugusa muhtasari wenu au hasira za mkurugenzi, kwa kuwa zimewabakia wiki tatu nyingine tu. Kifungu cha 91 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kinampa anayelalamikia kasoro katika tuzo wiki 6 tangu alipokabidhiwa tuzo hiyo awe amefungua maombi katika Mahakama ya Kazi, ambayo ndiyo divisheni ya kazi ya hiyo Mahakama Kuu anayoitaja mkurugenzi wenu. Ni pale tu anapodai kwamba tuzo ilipatikana kwa njia chafu, mathalani rushwa, ndipo wiki hizo 6 huanza kuhesabiwa siku alipoligundua jambo lenyewe. (Namba za vifungu ninazozitaja ni za sheria ilivyotungwa mwaka 2004; mkiwa na toleo la urekebu la karibuni, hakikisheni kwamba namba haijasogea.) Wiki 6 ni siku 42, na zinahesabiwa tangu tarehe mliyosaini kupokea nakala, wala si tangu siku nakala hiyo ilipofika mezani kwa mkurugenzi. Kama karani wenu aliipokea Jumatatu akaiacha kwenye faili la barua hadi Ijumaa, siku hizo zimeshaliwa, na aliyezila ni ninyi. Nendeni Tume mkaitazame tarehe iliyoandikwa kwenye rejista pembeni ya saini ya aliyepokea, kwa maana hiyo ndiyo tarehe ambayo wakili wa dereva ataionyesha mahakamani.

Najua mtaambiwa kwamba muda unaweza kuongezwa, na ni kweli kwamba kanuni ya 56 ya Kanuni za Mahakama ya Kazi, Tangazo la Serikali Na. 106 la mwaka 2007, inampa jaji uwezo huo pale panapoonyeshwa sababu ya msingi. Lakini mlango huo ni mwembamba kuliko watu wanavyodhani. Mahakama ya Rufani, katika maombi ya Lyamuya Construction dhidi ya Bodi ya Wadhamini wa YWCA Tanzania, Na. 2 ya mwaka 2010, iliweka vigezo ambavyo hadi leo vinanukuliwa karibu katika kila uamuzi wa kuongeza muda: mwombaji atoe maelezo ya muda wote aliochelewa, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, aonyeshe bidii wala si uzembe, na kama ipo sababu nyingine nzito, kama vile uharamu ulio wazi katika uamuzi anaoupinga, aiseme. Kusema kwamba mkurugenzi alikuwa safarini, au kwamba mlikuwa mnatafuta wakili, hakuzibi hata nusu ya siku hizo.

Sasa nije kwenye neno la mkurugenzi wenu, yaani kusikilizwa upya. Neno hilo ndilo linalonipa wasiwasi, kwa sababu mtu anayekwenda Mahakama ya Kazi akiwa na picha ya mashahidi wakiitwa tena kizimbani na jaji akiwauliza maswali upya, ataandaa shauri ambalo halipo. Tume imeundwa na Sheria ya Taasisi za Kazi, Na. 7 ya mwaka 2004, na ndiyo iliyopewa kazi ya kusikiliza mgogoro: kwanza kwa usuluhishi, na usuluhishi ukishindikana, kwa uamuzi. Tuzo ya mwamuzi inazifunga pande zote mbili na inatekelezwa kupitia Mahakama ya Kazi kana kwamba ni hukumu ya mahakama. Sheria haikuweka rufaa ya kawaida dhidi ya tuzo hiyo. Iliweka njia ya kuomba itenguliwe, ambayo sisi tulioizoea tunaiita marejeo. Katika marejeo, jaji huita jalada kutoka Tume, huusoma mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa na kufanyika mbele ya mwamuzi, hutazama vielelezo vilivyopokelewa, husoma tuzo, kisha hujiuliza kama mwamuzi alifika alikofika kwa njia inayokubalika kisheria. Mashahidi hawaji. Kinachokuja ni karatasi.

Na maswali ambayo jaji anajiuliza hayakuachwa wazi. Chini ya kifungu cha 91, tuzo inaweza kutenguliwa ikiwa mwamuzi alikiuka maadili au wajibu wa kazi yake, ikiwa tuzo ilipatikana isivyostahili, na, kwa aya iliyoongezwa baadaye kwa marekebisho ya sheria, ikiwa tuzo ni haramu, haina mantiki au haiingii akilini. Kanuni ya 28 ya Kanuni za Mahakama ya Kazi inaongeza mambo ambayo mawakili ndiyo wanayoyategemea zaidi: kwamba mwamuzi alitumia mamlaka asiyokuwa nayo, au alikataa kutumia mamlaka aliyokuwa nayo, au aliyatumia kwa njia haramu au yenye dosari kubwa, au alikosea katika jambo linalogusa kiini cha shauri na kosa hilo likaleta dhuluma. Ukiisoma orodha hiyo polepole utaona kwamba haina mahali panaposema: mwombaji anaamini kwamba dereva aliiba.

Tuchukue suala lenu la mafuta, kwani hapo ndipo tofauti inapoonekana vizuri. Sheria inaweka juu ya mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba kulikuwa na sababu halali ya kuachisha kazi na kwamba utaratibu ulikuwa wa haki, na kiwango cha uthibitisho ni kile cha madai ya kawaida, yaani uzito wa uwezekano, si kile cha jinai cha kuondoa shaka yoyote. Tuseme basi kwamba mlimleta msimamizi wa yadi, akasema lori liliondoka na lita kadhaa na kurudi na upungufu usioendana na kilomita zilizotembea, mkatoa ripoti ya kifaa cha kufuatilia gari inayoonyesha lilisimama dakika 40 mahali pasipo kituo, pamoja na risiti za mafuta. Dereva akajibu kwamba alisimama kubadilisha tairi na kwamba geji ya lori hilo ilikuwa mbovu tangu mwezi uliotangulia. Kama mwamuzi aliandika katika tuzo kwamba ameitazama ripoti, amelinganisha maelezo, na ameona maelezo ya dereva yana uzito kwa sababu kitabu cha matengenezo ya gari hakikuletwa, huo ni uamuzi ambao mtu mwingine asingeufikia, lakini si uamuzi usioingia akilini. Jaji anaweza kuukunjia uso na bado akauacha. Lakini kama ripoti ile ilipokelewa kuwa kielelezo, na tuzo nzima, tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, haikuitaja hata mara moja, au kama mwamuzi alisema mwajiri alitakiwa kuthibitisha wizi pasipo kuacha shaka yoyote, basi hapo mna jambo mkononi. La kwanza ni kuupuuza ushahidi uliopokelewa. La pili ni kutumia kipimo ambacho sheria haikukiweka.

Niseme pia, kwa uaminifu, kwamba mstari huu haukuchorwa kwa rula. Wapo majaji ambao, wakishaita jalada, huupitia ushahidi wote kipande kwa kipande karibu kama wangefanya katika rufaa ya kwanza, na ukisoma hukumu zao utadhani neno marejeo ni jina tu. Wakili wenu atawaambia hivyo, na hatakuwa amedanganya. Bado nisingewashauri kujenga maombi yenu juu ya matumaini kwamba faili litaangukia kwa jaji wa aina hiyo. Jengeni juu ya kasoro inayoonekana kwenye karatasi, kisha kama jaji atapenda kuupima ushahidi wenyewe, hiyo iwe nyongeza.

Kuhusu muhtasari wa kikao cha nidhamu, jibu langu ni hapana, na sioni namna ya kulilainisha. Mahakama inayofanya marejeo inafungwa na jalada la Tume, na muhtasari wenu haumo kwenye jalada hilo. Ninajua kishawishi kitakachofuata, kwa sababu nimekiona kwenye maombi mengi: mtauambatisha kwenye kiapo cha kuunga mkono maombi, yaani maelezo ya maandishi yanayotolewa kwa kuapa, mtaupa alama, na mtatumaini kwamba ukishaonekana na jaji hautasahaulika. Kiapo hicho kipo kwa ajili ya kueleza yaliyotokea kwenye shauri na kasoro mnazozilalamikia. Si dirisha la kupitishia ushahidi mlioshindwa kuuleta kupitia mlangoni. Wakili wa dereva ataomba aya hiyo ifutwe, na jaji atawauliza swali moja rahisi: muhtasari huu ulikuwa wapi siku shahidi wenu alipokuwa akitoa ushahidi? Kama ulikuwa kabatini ofisini kwenu, hakuna aliyewazuia kuuleta.

Hapa kuna tahadhari inayowahusu waajiri wengi, nami nitaikazia kidogo ingawa hamkuiuliza moja kwa moja. Huenda mkasema, lakini tuliutoa, tuliuambatisha kwenye hoja zetu za mwisho. Karatasi iliyoambatishwa kwenye hoja za kufunga, au kwenye majibu ya awali, au iliyotajwa tu na shahidi pasipo kuitoa, si ushahidi. Ushahidi wa maandishi ni ule ambao shahidi ameutambua mbele ya mwamuzi, upande wa pili ukaulizwa kama una pingamizi, na mwamuzi akaupokea na kuupa alama ya kielelezo. Fungueni mwenendo mtafute ukurasa ambako hayo yameandikwa. Kama muhtasari wenu una alama hiyo na mwamuzi akaandika kwamba hakuletewa muhtasari wowote, basi nimewaelewa vibaya na shauri lenu limebadilika kabisa, kwa sababu hilo ni kosa la wazi lililo kwenye jalada. Kama hauna, mwamuzi alikuwa sahihi kuandika hivyo.

Na kwa kweli kukosekana kwake ndiko kulikowaangusha upande wa utaratibu. Kanuni za mwenendo bora wa ajira, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinaeleza katika kanuni ya 13 kile ambacho mwajiri anapaswa kuonyesha: uchunguzi wa awali, taarifa ya tuhuma kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, nafasi ya kujieleza akisaidiwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, na kupewa uamuzi pamoja na sababu. Bila muhtasari, mwamuzi alibaki na neno la shahidi wenu kwamba kikao kilifanyika na neno la dereva kwamba aliitwa akapewa barua. Mzigo ulikuwa wenu.

Basi kama si kusikilizwa upya na si muhtasari, ni nini? Ni kuusoma mwenendo. Ombeni nakala ya mwenendo mzima wa shauri, pamoja na ile fomu ambayo dereva alifungulia mgogoro, ambayo watu wa Tume wanaiita CMA F.1, na mkae nayo mkiwa na kalamu. Anzeni na mamlaka, kwa sababu hoja ya mamlaka inaweza kuibuliwa wakati wowote, hata kama hamkuigusa kule Tume. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Linganisheni tarehe ya barua ya kumwachisha kazi na tarehe ya muhuri wa mapokezi kwenye fomu. Ikiwa siku 30 zilipita na hakuna uamuzi wa Tume wa kuongeza muda, tuzo yote inasimama hewani. Tazameni vilevile dereva alikuwa amefanya kazi kwa muda gani, kwani masharti ya sheria hiyo kuhusu kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu mfanyakazi ambaye hajatimiza miezi 6 kwa mwajiri wake. Tuzo inayompa fidia ya namna hiyo mfanyakazi wa miezi minne ni haramu kwa maana halisi ya neno hilo. Angalieni pia kile alichokiomba kwenye fomu: mwamuzi aliyetoa kitu ambacho mlalamikaji hakukidai anawapa hoja.

Kisha shukeni kwenye ushahidi wa kila shahidi na tazameni mistari miwili: ule wa kwanza kabisa na ule wa mwisho. Mwanzoni panapaswa kuwa na jina, umri, dini na maneno yanayoonyesha kwamba shahidi ameapa au amethibitisha kabla ya kuanza kusema. Mwishoni panapaswa kuwa na saini ya mwamuzi. Mistari hii inaonekana midogo, na mwajiri anayesoma mwenendo kwa mara ya kwanza huiruka ili afike kwenye maneno ya shahidi. Mahakama ya Rufani haiiruki. Katika rufaa ya madai Na. 257 ya mwaka 2020, iliyohusu Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afya na Sayansi Shirikishi na mfanyakazi wake, ilielezwa waziwazi kwamba kanuni za Tume zinamlazimu shahidi kutoa ushahidi kwa kiapo, na kwamba ushahidi uliochukuliwa bila kiapo unauharibu mwenendo. Angalieni vilevile kama mwamuzi alibadilishwa katikati ya shauri na kama sababu ya mabadiliko hayo imeandikwa. Angalieni kama, wakati wa kuandika tuzo, mwamuzi aliibua jambo jipya ambalo hakuna upande uliolizungumzia, akalitumia kuamua. Hilo ni kumnyima mtu haki ya kusikilizwa, haki ambayo Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya mwaka 1977 inailinda kwa mwajiri kama inavyoilinda kwa mfanyakazi.

Lakini kabla hamjafurahia kiapo kilichosahaulika, fikirini mtakachopata. Kasoro ya namna hiyo kwa kawaida haiwapi ushindi. Inafuta mwenendo na tuzo, na shauri linarudishwa Tume lianze mbele ya mwamuzi mwingine. Kwa baadhi ya waajiri hilo ni jambo jema, na kwenu lina mvuto wa pekee, kwa kuwa shauri likianza upya kabisa ndipo muhtasari wenu ungeweza kutolewa kwa njia halali. Hata hivyo msimamizi wa yadi atakuwa anaulizwa kuhusu lori alilolikagua miaka iliyopita, huenda ameshaacha kazi kwenu, na dereva naye atakuwa ameyasikia maswali yenu yote na kujua mahali palipokuwa na udhaifu. Tena kifungu cha 91 hakimlazimishi jaji kurudisha shauri: akishatengua tuzo anaweza kuumaliza mgogoro mwenyewe kwa namna anayoona inafaa, na jaji anayehisi kwamba mwombaji anataka tu nafasi ya pili ya kuziba mapengo yake atakuwa mwangalifu kumpa nafasi hiyo.

Kwa maoni yangu, mahali pa kuelekeza nguvu, ikiwa ushahidi wa mafuta ulipuuzwa, ni kwenye sababu ya kuachisha kazi, na kuuachia upande wa utaratibu ushindwe kwa heshima. Mkurugenzi hatapenda kusikia hivyo, lakini kuna sababu. Tuzo yenu inasimama kwenye miguu miwili, kosa lisilothibitishwa na utaratibu usiofuatwa, na miguu hiyo haina uzito sawa. Mahakama zetu zimetofautisha kati ya mwajiri aliyemwachisha mtu kazi bila sababu yoyote na yule aliyekuwa na sababu halali akakosea njia. Chini ya kifungu cha 40 kama kilivyotungwa, ambacho kilitaja fidia isiyopungua mishahara ya miezi 12, Mahakama ya Rufani, katika shauri lililolihusu shirika la World Vision Tanzania, ilikubali kwamba pale ambapo sababu ni halali na kasoro ni ya utaratibu peke yake, fidia inaweza kuwa chini ya hapo. Kwa hiyo mwajiri anayekubali mbele ya jaji kwamba utaratibu ulikuwa na upungufu, akathibitisha kutoka kwenye jalada kwamba sababu ilikuwepo, anaweza kutoka na fidia iliyopunguzwa. Anayepigania kila kitu, huku jalada likimsuta kwenye utaratibu, humchosha jaji na kuidhoofisha hata hoja yake nzuri.

Sasa malipo. Kufungua maombi ya marejeo hakusimamishi chochote. Tuzo inaendelea kuwa hai, na dereva anayo haki ya kwenda mahakamani kuomba itekelezwe wakati maombi yenu yakisubiri kupangiwa jaji. Nimewahi kuona kampuni iliyogundua tofauti hii siku ambayo hundi za mishahara zilirudi kutoka benki, kwa sababu akaunti ilikuwa imeshikiliwa kwa amri ya mahakama asubuhi hiyo. Malori nayo yanashikika, na dalali wa mahakama hatauliza lipi lina safari. Sheria inaipa Mahakama ya Kazi uwezo wa kusimamisha utekelezaji hadi marejeo yaamuliwe, ila ni lazima muuombe kwa maombi mahususi, yenye kiapo chake, na kama dereva ameshaanza hatua za utekelezaji, pamoja na hati ya dharura, inayoeleza kwa nini msikilizwe haraka. Kwenye kiapo hicho msiishie kusema kwamba mtapata hasara. Onyesheni hasara yenyewe, onyesheni kwamba marejeo yenu yana hoja, na jitayarisheni kuulizwa ni dhamana gani mnaitoa ili dereva naye, akishinda, asikute mkono mtupu. Kampuni inayokwenda na pendekezo la dhamana tangu mwanzo husikilizwa kwa sikio jingine.

Juu ya karatasi zenyewe sitakaa sana, kwa kuwa wakili au mwakilishi wenu atazijua, ila mambo machache huangusha maombi mengi yenye hoja nzuri. Kanuni za ajira za mwaka 2017, Tangazo la Serikali Na. 47, zina fomu ya kutoa taarifa ya nia ya kuomba marejeo, CMA F.10, ambayo hujazwa na kupelekwa Tume. Wapo majaji walioyaondoa maombi kwa kukosa fomu hiyo, na hakuna sababu ya ninyi kuwa mfano mwingine. Kiapo, kwa mujibu wa kanuni ya 24, kinatakiwa kiwe na majina na anwani za pande zote, maelezo ya matukio kwa mpangilio wa wakati, hoja za kisheria zinazotokana na matukio hayo, na nafuu mnazoziomba. Sehemu hizo nne zisichanganywe kwenye aya moja ndefu ya malalamiko. Jina la kampuni liandikwe kama lilivyo kwenye tuzo, herufi kwa herufi. Na kwa kuwa usajili wa mashauri sasa hufanyika kwa mfumo wa kielektroniki, msingoje usiku wa siku ya 42 mkitumaini mtandao hautakatika. Kuhusu nani awawakilishe, Sheria ya Taasisi za Kazi inaruhusu, mbali na wakili, ofisa wa chama cha waajiri au mwakilishi mliyemchagua wenyewe. Katika shauri linalosimama kwenye hoja za kisheria kama hili, mimi ningechukua wakili.

Mjue pia kwamba Mahakama ya Kazi si kituo cha mwisho kwa aliyeshindwa, ila kutoka hapo kwenda Mahakama ya Rufani mtu huenda na hoja za kisheria peke yake. Ubishi kuhusu lita ngapi zilikosekana kwenye tangi unaishia kwa jaji.

Nafasi yenu ya kushinda siwezi kuipima bila kuuona mwenendo, na yeyote anayewatajia asilimia kabla ya kuusoma anawauzia matumaini. Ninachoweza kukisema ni kwamba, kwa maelezo mliyonipa, sehemu ya utaratibu ni dhaifu sana kwenu na sehemu ya sababu inategemea jinsi tuzo ilivyoushughulikia ushahidi wa mafuta. Kesho asubuhi peleka barua Tume kuomba nakala ya mwenendo, ukitaja namba ya mgogoro na tarehe ya tuzo, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi, kwa sababu kama nakala itachelewa, muhuri huo ndio utakaowasaidia kueleza siku zenu. Ukishaipata, tafuta kwanza ukurasa ambako ushahidi wenu mkuu wa mafuta, mathalani ripoti ya kifaa cha kufuatilia gari kama mliitoa, ulipokelewa, uandike alama ya kielelezo pembeni, kisha uisome tuzo yote ukiitafuta alama hiyo. Ukiikuta imejadiliwa na kupimwa, kaa na mkurugenzi mzungumze kuhusu kumwita dereva na kufikia maelewano ya malipo, jambo ambalo halizuiwi hata baada ya tuzo na ambalo likiandikwa vizuri linaweza kusajiliwa mahakamani. Usipoikuta popote, mpigie wakili siku hiyo hiyo.